Saa Nne Asubuhi ni Usiku Wao

Hotuba kwa vijana wanaokwenda kuanza kazi ya maendeleo ya jamii vijijini, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi, wazazi mliokuja kuwasindikiza watoto wenu, na ninyi wanangu ambao wiki ijayo mtakuwa mmeshatawanyika, wengine Magu, wengine Sengerema, wengine visiwani. Mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie mazingira na tabia za watu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana lilinifundisha kuliko darasa lolote nililowahi kukaa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji cha wavuvi wa dagaa, Ukerewe. Nilikuwa na miaka 23, daftari jipya na hamu kubwa ya kazi. Nikaitisha mkutano wa hadhara, Jumatano, saa nne asubuhi. Siku ilipofika tukakaa chini ya mwembe, mimi na mwenyekiti wa kijiji, tukangoja. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Walikuja wanaume watano. Wawili kati yao walilala pale pale. Mmoja namwona hadi leo: ameegemea shina la mwembe, kinywa wazi, magamba ya dagaa yamemkaukia mikononi yanameremeta kwenye jua.

Nikarudi nilikopanga nikaandika taarifa. Sentensi yake moja naikumbuka neno kwa neno: "Wananchi wa kijiji hiki, hususan wanaume, hawana mwamko wa maendeleo." Nikaituma wilayani.

Siku chache baadaye nilipita mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki, nikamkuta mama mmoja akigeuza dagaa aliowaanika. Akanisalimia, nikamwamkia, tukazungumza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona uliwaita watu usiku?" Nikamjibu, hapana mama, nimewaita saa nne asubuhi. Akaendelea kugeuza dagaa wake, wala hakuninyanyulia macho. Akasema, "Hawa wanaingia ziwani jioni, wanatoka alfajiri, wanapima, wanauza, wanatengeneza nyavu. Saa nne asubuhi ni usiku wao."

Wanangu, nilikuwa nimelala kijijini pale siku 19. Taa zao nilikuwa naziona kila usiku kule ziwani, zimejipanga kama mji, na nilikuwa nasema ni nzuri. Lakini sikuwahi kuzijumlisha zile taa na ule mwembe. Nilimwona mtu aliyelala, nikaandika habari za moyo wake, wakati usiku wake sikuujua.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo. Mtu tunamwona, siku yake hatuioni. Basi pengo hilo tunalijaza kwa neno: mvivu, mkali, mshamba, mlevi, mbahili, mchawi. Neno likisharudiwa vya kutosha linageuka kuwa sifa ya kabila zima au ya mtaa mzima.

Tuanze na jina lenyewe la wenyeji wa hapa. Sukuma maana yake ni kaskazini, na dakama ni kusini. Anayejua Kisukuma analijua hilo tangu utotoni. Kwa hiyo Msukuma ni mtu wa kaskazini, kaskazini kwa anayesimama kusini kwake akamnyooshea kidole. Mwanzo wake neno lilieleza mahali tu. Nenda Dar es Salaam leo uone limebebeshwa mizigo gani: mshamba, mwili mkubwa, ugali mwingi, mtu anayedanganyika kirahisi. Nasi huku kwetu hatujambo kwa kuwabebesha wengine. Mkurya ni mkali, Mhaya anajisifu, mvuvi hana akili ya kesho. Najua mtaniambia ni utani, na utani ni mila yetu, umetuponya mambo mengi. Nakubali. Lakini utani una watu wake na una mipaka yake: mtani wako anakuzika. Anayekunyima chumba cha kupanga kwa sababu ya kabila lako huyo si mtani.

Sasa hilo la mvuvi kutokuwa na akili ya kesho. Nitakaa hapo kidogo, maana nimelifuata miaka mingi.

Nina kaka, mtoto wa mama mkubwa, mkulima wa pamba upande wa Magu. Pamba inakupa hela mara moja kwa mwaka. Ukishalipwa, hela hiyo ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo mbegu ya msimu ujao, na ukiipoteza hakuna nyingine mpaka mwakani. Kaka yangu alikuwa mtu wa kuhesabu hadi mia. Watoto wake walimwita mbahili, chini chini. Halafu miaka miwili mfululizo mvua zikakata mapema, akaenda visiwani kuvua, akaingia kambini kwa tajiri mmoja mwenye mitumbwi. Nilimtembelea baada ya miezi minane. Ndugu zangu, sikumtambua. Anapata hela asubuhi, jioni imekwisha: nyama choma, bia, redio mpya, na kuwanunulia watu ambao hata majina yao hajui vizuri.

Nikamgombeza kama dada. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanionyesha anapolala. Kibanda cha mabati na maturubai, wanaume sita, mlango hauna hata komeo. Akasema, "Niiweke wapi?" Benki ilikuwa ng'ambo, nauli na siku nzima ya kazi. Ukiificha chini ya godoro, mwenzako anaijua kabla yako. Na kesho yenyewe unakwenda ziwani na upepo usioujua. Ukimnunulia mwenzako chakula leo, siku utakayotoka mikono mitupu atakulisha yeye. Kwa hiyo tumboni mwa mwenzako ndimo hela ilimokuwa salama kuliko mahali pengine pote kambini.

Baada ya miaka mitatu alirudi Magu, kwenye pamba yake na choroko zake. Na ubahili ukarudi! Watoto wakaanza tena kunong'ona. Mtu yule yule, damu ile ile, Msukuma yule yule.

Kuna watafiti watatu, Leibbrandt, Gneezy na List, waliolifuata jambo la namna hii mbali sana na huku, kaskazini mashariki mwa Brazil. Walilinganisha vijiji viwili vya wavuvi visivyo mbali kimoja na kingine. Kimoja kinavua baharini, na bahari ile inataka chombo kikubwa na watu kushirikiana. Kingine kinavua ziwani, kila mtu na kamtumbwi kake. Mwaka 2013 walichapisha walichokiona: wavuvi wa ziwani walipenda kushindana kuliko wale wa baharini, na kadiri mtu alivyovua miaka mingi kwa mtindo wa kijiji chake ndivyo tofauti ilivyozidi kuonekana. Kazi ilikuwa inawafinyanga polepole.

Niliposoma habari hiyo nilifikiria mara moja ziwa letu, kisha nikajizuia. Maana mtu mwenye haraka atasema: basi, watu wa ziwani ni wabinafsi, imethibitishwa. Sivyo hata kidogo. Mtumbwi wetu wa dagaa hauendi na mtu mmoja. Kuna wa taa, kuna wa kasia au injini, kuna wa kuvuta nyavu, na mmoja akizembea wote wanarudi na maji. Wavuvi wetu wa ziwani wanafanana zaidi na wale wa baharini kule Brazil. Kwa hiyo msitazame maji, tazameni jinsi kazi ilivyogawanywa na jinsi malipo yanavyofika mkononi.

Ushahidi mwingine tunao hapa hapa jirani, na ninasikitika kwamba haufundishwi shuleni. Ukara ni kisiwa kidogo, hakifiki kilomita za mraba 100, na watu wake wamekuwa wengi kupita ardhi yao tangu zamani. Wakara walilima kwa namna iliyowashangaza wataalamu tangu enzi za ukoloni. Ng'ombe wanafungwa ndani na kuletewa majani, samadi inakusanywa yote na kupelekwa shambani, majani ya mifugo yanaoteshwa kwenye mashimo kando ya ziwa, na kila mti una mwenyewe. Kukawa na sifa: Mkara ni mchapakazi kuliko watu wote wa kanda hii. Sifa nzuri, nani aikatae? Lakini Wakara waliohama wakaenda bara, kwenye ardhi tele, wengi waliacha kilimo kile cha taabu wakalima kama jirani zao wa bara. Uchapakazi waliokuwa nao ulikuwa jibu la ardhi finyu. Ardhi ilipopanuka, swali likabadilika na jibu likabadilika.

Nimeona niseme na hilo kwa sababu sifa nzuri nazo zinafunga. Ukishamwambia mtoto kwamba kabila lake ni wachapakazi kwa kuzaliwa, kesho atamtazama wa kabila jingine akaona uvivu wa kuzaliwa.

Kuhusu mjini nitapita haraka. Mimi nimekulia Mabatini, juu ya mawe. Bati la jirani wa chini lilikuwa usawa wa kizingiti chetu. Gari halipandi kule, kwa hiyo mgonjwa anateremshwa kwa kiti, jeneza linateremshwa mabegani kwa kupokezana, na anayepanda na ndoo kichwani anapishwa njia, hata kama anayeshuka ni mzee. Huwezi kushuka na maiti peke yako, ndiyo maana kila mtu kule anamjua kila mtu. Halafu tunawatazama wa kwenye kuta na mageti, Capri Point na kwingineko, tunasema wale wana roho ngumu. Familia moja ya jirani zetu ilijaliwa, ikahamia kwenye nyumba ya ukuta. Miaka miwili baadaye nilimuuliza mama wa nyumba ile jina la jirani yake. Hakulijua, na ni mama yule yule aliyekuwa anagawa maji ya pipa lake kwa nyumba nne.

Marekani, mwaka 1973, Darley na Batson walichapisha jaribio walilolifanya Princeton kwa wanafunzi wa seminari. Waliwatuma mmoja mmoja kwenda jengo jingine kutoa mazungumzo, na wengine mada yao ilikuwa ule mfano wa Msamaria mwema. Njiani walimweka mtu amejikunyata, anakohoa, anahitaji msaada. Wale walioambiwa wana muda, 63 katika kila 100 walisimama. Walioambiwa wamechelewa, 10 tu. Watu wa dini, wana mfano wa Msamaria kichwani, na haraka ikawapitisha. Mkimwona kondakta wa daladala pale Buzuruga amemjibu bibi vibaya, fikirini hesabu ya jioni anayodaiwa. Simtetei kwa kumjibu bibi vibaya, nawaambia tu mahali pa kuanzia kumrekebisha.

Hapo najua kuna swali, na ni la haki. Je, basi kila kosa tulisamehe kwa sababu ya mazingira? Mume akimpiga mkewe tuseme ni ziwa? Hapana. Katika kambi ile ile ya kaka yangu kulikuwa na mwanaume aliyekuwa akituma hela nyumbani kila wiki kwa mwenye boti ya abiria, hakukosa. Mazingira yanaifanya njia fulani kuwa mteremko na nyingine mlima, lakini watu wanapanda milima. Tena mazingira yenyewe yanatengenezwa na watu. Mchumi Edward Miguel alichapisha mwaka 2004 ulinganisho wa Busia, upande wa Kenya, na Meatu, hapa Usukuma. Busia, mahali penye makabila mengi zaidi palikuwa na shida zaidi ya kuchangia shule. Meatu, kuchanganyika kwa makabila hakukuleta shida hiyo. Wilaya hizi mbili haziko mbali sana na zinafanana kwa mengi. Tofauti aliiona kwenye siasa za kujenga taifa: Kiswahili shuleni, utawala wa machifu uliofutwa mwaka 1963, serikali za vijiji. Ninyi hapa mliosoma bweni mkalala na watu wa Mara, Kagera na Mtwara mnaijua habari hii kwa ndani. Wazazi wetu waliamua kutengeneza mazingira ya namna hiyo, wakayalipia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali kuja leo. Ni macho mekundu.

Wote mmeshasikia. Katika vijiji vyetu vya Usukuma, kwa miaka mingi, bibi mzee mwenye macho mekundu ameitwa mchawi, na wengi wameuawa, wamekatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao. Wapiga ramli chonganishi wamechangia, ugomvi wa mashamba na urithi umechangia sana. Lakini alama waliyonyooshewa kidole nayo ilikuwa macho.

Nilikwenda kwa bibi mmoja kama hao, Magu, katika mwaka wa tano wa kazi yangu. Jina lake lilikuwa limeshatajwa kijijini. Alikuwa jikoni, akanikaribisha humo humo, kigoda karibu na mafiga. Jiko la nyasi, hakuna dirisha, mlango mmoja wa kuinama. Alikuwa anapikia mabua ya mtama na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, akipuliza kwa mdomo, uso wake shubiri mbili kutoka motoni. Nilikaa humo pengine robo saa. Nilipotoka nje macho yananiwasha, machozi yananitoka, na kijana aliyenisindikiza akaniambia, "Dada, macho yako yamekuwa mekundu." Robo saa! Bibi yule alikuwa amepika humo miaka 60.

Nikamuuliza kwa nini hapikii kuni. Akanyoosha mkono nje. Mpaka upeo wa macho hapakuwa na mti wa kukata, labda mibuyu miwili na michongoma ya ua.

Miti hiyo ilikwenda wapi? Hapa ndipo msikilize vizuri. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza, chini ya mtaalamu wao Swynnerton aliyeweka makao yake Shinyanga, walihimiza mapori yakatwe ili mbung'o, wale nzi wanaoleta ugonjwa kwa ng'ombe na malale kwa watu, wakose pa kujificha. Watu walitolewa kwa maelfu kukata. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapanuka, na sehemu kubwa ya Usukuma ikabaki wazi. Mwanamke wa Kisukuma akakosa kuni, akageukia mabua na samadi, ambavyo moshi wake ni mwingi. Moshi ukaingia machoni. Kwingine vumbi na uhaba wa maji vikaleta trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, juu yake. Na mwisho wa mnyororo huo mrefu, vijana wanasimama mlangoni kwa bibi na kusema tumemjua kwa macho yake.

Angalieni jinsi ilivyo. Ardhi iliyokatwa miti iliandika habari zake kwenye uso wa mwanamke, na sisi tukasoma kwamba ni roho yake. Bibi yule aliniuliza swali moja ambalo sijalijibu hadi leo: "Sasa nifanyeje, nisipike?" Yeye alinusurika, binti yake alikuja akamchukua. Wengine nilikwenda kwenye matanga yao.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukafufua ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma wenyewe waliyatenga tangu zamani yapumzike. Miti ikarudi mahali pengi. Mashirika na halmashauri wakapeleka majiko banifu, na kufundisha kutoboa madirisha jikoni. Watu huyaita hayo mambo ya mazingira na nishati. Mimi huyaita ulinzi wa bibi zetu, na kwenye taarifa zenu nawaomba myaandike hivyo hivyo.

Kwa hiyo mtakapofika vijijini, kabla ya kuandika neno lolote linaloanza na "wananchi wa hapa ni", ulizeni mambo madogo. Wanaamka saa ngapi, na nani anaamka wa kwanza. Hela inaingia kila siku au mara moja kwa mwaka, na inalala wapi. Maji yako umbali gani. Wanapikia nini. Kaeni jikoni robo saa. Ombeni kwenda ziwani usiku mmoja, ninyi wasichana pia, mkiambiwa ni mwiko mwanamke kupanda mtumbwi wa uvuvi ulizeni kwa adabu mwiko huo ulianzia wapi.

Nimalizie kijiji changu cha kwanza. Yule mama wa dagaa alinifundisha kusoma mwezi. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, maana wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, wavuvi wanapumzika. Nikangoja. Mwezi ulipokuwa mpevu nikaitisha mkutano wangu wa pili, saa kumi na moja jioni, chini ya mwembe ule ule. Walikuja mpaka tukakosa kivuli. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yule aliyelala siku ile akiwa ameegemea shina. Aliuliza kwa nini shule ya kijiji haina choo cha wasichana, kwa sababu binti yake alikuwa ameacha kwenda.

Asanteni sana.